Oili Chafu Iliyorudi Shelui

Wenzangu mliobaki kwenye dawati la mazingira pale benki mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi, na hasa niandike habari ya meli ya Mzee Msengi, kwa kuwa kila mmoja wenu ameisikia kwa namna yake. Nimestaafu tangu mavuno ya alizeti yaliyopita. Niko nyumbani Ilongero na nafasi ninayo. Vyeo na mshahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilianza benki kama afisa wa mikopo ya wakulima. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuzunguka Ikungi na vijiji vyake nikikagua mashine za kukamua alizeti, kuuliza mashudu yanauzwa wapi, na kukataa soda ya tatu kwa siku bila kumuudhi mwenyeji. Kisha Jumatatu moja meneja akaniita. Benki ilikuwa imepokea fedha kutoka nje kwa ajili ya vyombo vya majini visivyochafua mazingira, na walimhitaji mtu anayeweza kusoma karatasi ndefu bila kusinzia.

"Meli?" nikauliza.

"Meli."

"Mimi ni wa Ilongero, bosi."

"Kanuni hazijali umezaliwa wapi," akasema, akanisukumia jalada lenye unene wa tofali.

Maji mengi niliyoyafahamu mimi yalikuwa ya Ziwa Singidani, ambayo ni ya magadi. Wiki iliyofuata nilikuwa Mwanza, nimesimama juu ya sitaha ya meli ya mizigo, nimevaa viatu vya ofisini. Nilipiga hatua mbili, ya tatu ikateleza. Mtu mmoja alinidaka kwa mkono wa koti na kunisimamisha wima kama gunia.

"Viatu hivyo ni vya harusi, mama," akasema. "Kesho njoo na raba."

Huyo alikuwa Injinia Magesa, mwenyeji wa Ukerewe, aliyefanya kazi kwenye vyumba vya injini mpaka masikio yakawa mazito. Benki ilikuwa imemwajiri kwa mkataba aniongoze. Kila nilichokijua baadaye kuhusu meli kilitoka kwake, isipokuwa kanuni zenyewe, ambazo yeye alikataa katakata kuzisoma. "Wewe soma," alikuwa akisema. "Mimi nitakuonyesha zinapovunjwa."

Vifaa vyake vilikuwa vitatu: tochi, kijiti cha kupimia kina cha tangi, na kitambaa cheupe. Kitambaa ndicho kilichoogopwa. Alishuka chini ya injini, mahali panapojikusanya maji ambayo mabaharia huyaita ngama, akafuta chuma kwa kitambaa kile, kisha akapanda juu na kumkabidhi nahodha akishike. Nahodha alisimama na kitambaa cheusi mkononi wakati wote tulipokuwa tukijaza fomu.

Alinifundisha pia hesabu moja tu, ya oili. "Injini ni kama mgeni aliyealikwa kula," alisema. "Kilichoingia lazima kitoke. Kazi yako wewe ni kujua choo kiko wapi." Kila injini hubadilishwa oili. Ukijua ni madumu mangapi ya oili mpya yaliyoingia, unauliza madumu ya oili chafu yaliyotoka yamepelekwa wapi, na unataka karatasi ya aliyeyapokea. Pasipo karatasi, mara nyingi jibu ni ziwani.

Nieleze kanuni kwa kifupi, maana mnaosoma si wote mlio kwenye dawati letu. Fedha zile hazikuwa za kila chombo. Meli isiwe ya kubeba petroli na dizeli kama mzigo wake mkuu. Moshi wake upimwe kwa uzito wa mzigo na umbali unaobebwa, ili anayekwenda nusu tupu asijifiche. Rangi ya chini isiwe na sumu inayoua viumbe. Ijulikane mapema chombo kitakapozeeka kitavunjwa wapi na nani. Na juu ya yote hayo kulikuwa na sharti moja lililochukua kurasa nyingi kuliko yote: mradi unaosaidia jambo moja la mazingira usidhuru jingine. Nilipolisoma mara ya kwanza niliona ni maneno ya kujaza karatasi. Mzee Msengi ndiye aliyenifundisha maana yake, ingawa hakukusudia.

Kabla yake tulikutana na watu wa kila aina. Yuko tajiri aliyeosha chumba cha injini kwa sabuni asubuhi ya ukaguzi, tukashuka tukakuta povu bado linapumua. Yuko mwingine aliyetuambia moshi mweusi wa meli yake ni mvuke. "Mvuke wa nini?" Magesa akamuuliza. "Wa chai?" Hao walikuwa rahisi. Anayedanganya huacha alama, nawe unaifuata.

Ombi la Msengi lilifika mezani kwangu katika miaka yangu ya mwisho kazini. Alikuwa Mnyiramba wa Shelui, mwenye malori mawili yaliyopeleka vitunguu na mafuta ya alizeti Mwanza na kurudi na dagaa. Baada ya kuona mizigo yake ikikaa bandarini ikisubiri meli za watu, alizikusanya kaya tano za majirani, wakauza ng'ombe, na pamoja naye wakanunua meli ndogo ya mizigo iliyokwishatumika. Wenzake walimcheka. Mtu wa Shelui, mji wa malori, anunue meli! Lakini ilifanya kazi, ikapeleka unga na mafuta visiwani, mpaka injini ilipochoka.

Sasa waliomba mkopo wa injini mpya, yenye moshi mdogo. Cheti cha ubora wa chombo kilikuwa kimebakiza miezi minne tu, na mkaguzi wa serikali alikwishawaambia kwamba kwa injini ile hatakihuisha. Bila mkopo wetu meli ingeuzwa kama chuma chakavu, na kaya sita zingebaki bila meli na bila ng'ombe.

Tulikwenda kuikagua, mimi na Magesa. Meli ilikuwa nzee, imepigwa viraka, lakini karatasi zake zilinyooka. Magesa alishuka na kitambaa. Alikaa sana. Alipopanda, kitambaa kilikuwa cheupe.

Nahodha alitabasamu. Magesa hakutabasamu.

"Injini nzee hivi," akaninong'oneza, kwa sauti ya mtu mwenye masikio mazito, yaani bandari nzima ilisikia, "haiwezi kuwa na tumbo safi hivi. Uliza choo."

Nikamuuliza nahodha oili chafu inakwenda wapi.

"Tajiri anaichukua," akasema.

"Mzee Msengi?"

"Ndiyo. Lori likija, madumu yote yanapanda. Ameapa akikuta tone ziwani atanifukuza kazi."

"Anayapeleka wapi?"

"Kwao."

"Kwao kufanya nini?"

"Hilo, mama, kamuulize mwenyewe. Mimi wa Musoma."

Kwenye fomu kipengele kilisema hivi: je, kuna ushahidi kwamba oili chafu haimwagwi ziwani? Nilikuwa na ushahidi. Ningeweza kuweka tiki pale pale bandarini na kurudi nyumbani. Nawaambieni ukweli, kwa meli tatu au nne za nyuma nilikuwa nimefanya hivyo: nikishajua haiingii ziwani, nimemaliza. Safari hii Shelui ilikuwa njiani kwangu kurudi Singida. Ndiyo sababu niliingia. Sikusukumwa na bidii ya kazi.

Nilimkuta Mzee Msengi kwenye uwanja wake nyuma ya maegesho ya malori, amekaa kwenye tairi, anakula karanga. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza kwetu ni wapi, nikamwambia Ilongero.

"Mnyaturu!" akacheka. "Nyie mnajua ng'ombe. Meli mmejifunzia wapi?"

"Na nyie Wanyiramba je, mzee?"

"Sisi angalau tuna Ziwa Kitangiri. Hata kama ni la kambale."

Nikamuuliza habari ya oili. Uso wake ukang'aa kama mtu aliyeulizwa habari ya mtoto aliyefaulu. Akainuka, akaniambia nimfuate.

Uwanjani kulikuwa na mapipa mawili. Madumu yaliposhuka kwenye lori yalimiminwa humo, na watu walikuja na chupa na makopo yao. Alinipitisha nyumba kwa nyumba. Nguzo za mazizi zilikuwa nyeusi, zimepakwa oili kuanzia ardhini hadi usawa wa kiuno ili mchwa wasizile. Ekseli za mikokoteni ya ng'ombe zilikuwa zinang'aa. Mzee mmoja alikuwa anampaka ndama masikioni kwa kitambaa, kuua kupe. Kila tuliyemkuta alimsalimia Msengi kwa furaha, na wawili walimuuliza lori litakuja lini.

"Umeona?" akasema. "Watu wa ziwani wanaitupa. Mimi nasema hapana, hii ni mali. Inakuja mpaka hapa, haimwagiki hata tone. Na sijawahi kumuuzia mtu. Nawapa."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniumiza. Harufu ile niliijua. Ni harufu ya nyumbani kwetu. Nguzo za zizi la mama yangu Ilongero nilizipaka mimi mwenyewe, kwa oili niliyoiomba gereji mjini, na nilijiona mtoto mwema. Hakuna mtu wa mkoa wetu asiyejua kwamba oili chafu ni dawa ya mchwa.

Tulirudi uwanjani kwa njia ya chini, na hapo nikaona udongo kuzunguka mapipa. Ulikuwa mweusi na umeshikana kama lami. Uwanja uliinamia upande wa korongo, na kwenye korongo, hatua kama sitini kutoka mapipa, palikuwa na kisima cha kuchimbwa kwa mkono. Mwanamke mmoja alikuwa anachota. Msengi alinitambulisha kwake: Mama Nzitu, jirani, naye ana hisa kwenye meli.

Nilimsalimia, nikamuomba nione maji. Akanisogezea ndoo. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba wenye rangi nyingi, unaosogea.

"Tunachuja kwa khanga," akasema. "Kuanzia mvua za mwaka juzi yako hivi. Tunadhani ni udongo wa huku."

Msengi akainama, akatazama ndoo muda mrefu. Kisha akatazama mapipa yake kule juu. Hakuhitaji kuambiwa.

"Mama Nzitu," akasema mwishowe, "mwaga hayo."

"Nimwage? Nimechota sasa hivi, mzee."

"Mwaga, mama. Nitaagiza mengine."

Tulipobaki wawili aliniuliza bila kunitazama: "Kwa hiyo ningemwaga ziwani, ungenipa mkopo?"

"Ungemwaga ziwani nisingekupa."

"Nisipomwaga ziwani?"

"Mzee, sijasema sikupi."

"Lakini utaandika."

Nilikwenda kukaa ndani ya gari na fomu mapajani. Kipengele kiliuliza habari za maji ya ziwa, na chombo kilikuwa safi kuliko vyote nilivyowahi kukagua. Hakuna mkubwa wangu ambaye angekuja Shelui kutazama korongo. Nikampigia Magesa.

"Fomu inauliza ziwa tu," nikamwambia.

"Wewe umeona nini?"

"Kisima."

"Basi andika kisima," akasema, na akakata simu. Hakuwahi kupenda simu.

Niliandika. Niliandika kwamba meli inastahili, injini iliyoombwa inastahili, mwombaji ni mkweli, na kwamba oili iliyookolewa isiingie ziwani imeingia kwenye kisima cha kijiji. Nilipendekeza mkopo wenye masharti: kisima kifungwe na kupimwa, udongo mweusi uondolewe, na oili chafu ikabidhiwe kwa kampuni yenye kibali palepale bandarini. Kamati ilikaa, ikajibu kwamba masharti yatimizwe kwanza ndipo mkopo utoke. Nilibishana nao, nikashindwa. Ilibaki miezi mitatu ya cheti.

Nilirudi Shelui kumpa Msengi barua. Aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Kuchimba udongo si kazi," akasema. "Kazi ni kuwaambia."

Sikuelewa mpaka siku ya mkutano. Watu wengi walikuwa wamekuja na chupa zao, wakidhani lori limefika. Msengi alisimama mbele ya ofisi ya kijiji akasema kwamba oili aliyowapa miaka yote ndiyo iliyoharibu kisima, kwamba hakujua, na kwamba kuanzia siku ile hakuna tena. Akasema wale wenye makopo nyumbani wayarudishe.

Mzee yule wa ndama akapaza sauti: "Na mchwa, Msengi? Nao benki itawakopesha?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Mwingine akasema tajiri anatafuta injini mpya sasa anawanyima hata uchafu wake. Mwanamke mmoja aliuliza kama watoto waliokunywa maji yale watapata ugonjwa, na hapo kicheko kilikatika. Afisa wa maji wa wilaya, aliyeitwa kwenye mkutano, alijibu kwamba watapimwa, na kwamba yeye hawezi kusema zaidi ya anachokijua. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Msengi alibaki amesimama, kofia mkononi. Nimewahi kuona watu wengi wakikosa mikopo. Sikuwahi kumwona mtu akipoteza kitu kikubwa kama kile alichokipoteza yeye kwa dakika kumi, maana katika mji ule watu walikuwa wanamfurahia kabla hajafungua mdomo.

Mama Nzitu ndiye aliyeinuka. Alisema yeye naye alichukua oili, nguzo zake ni nyeusi kama za wengine, na alikwenda kuichukua kwa miguu yake mwenyewe. "Tumuache mzee achimbe peke yake?" akauliza. Hakungoja jibu. Alikwenda nyumbani akarudi na jembe.

Walichimba siku tisa. Hawakuja wote, mzee wa ndama hakuja kabisa. Udongo mweusi ulijazwa kwenye mapipa, na malori yale yale yaliyoleta oili yakaupeleka Mwanza kwa kampuni yenye tanuri la kuuchomea. Kisima kilifunikwa kwa mabati na kufungwa kwa minyororo. Watoto walipimwa, na wazazi waliitwa mmoja mmoja kupewa majibu. Majibu hayo si yangu kuyaandika hapa. Nguzo zilibaki kama zilivyo, kwa kuwa hatukujua la kuzifanya, na ninyi mnaonifuata bado mnalo swali hilo.

Mkopo ulitoka zikiwa zimebaki wiki mbili za cheti. Injini ilifungwa, cheti kikahuishwa. Magesa alishuka na kitambaa kwa mara yake ya mwisho, kwa sababu magoti yalikuwa yamemkatalia ngazi, na alipopanda alikikunja akakitia mfukoni bila kumkabidhi mtu.

Baada ya injini mpya kubadilishwa oili kwa mara ya kwanza, Msengi alinipigia simu ofisini. Nilisikia honi na makelele ya wachukuzi nyuma yake.

"Binti, niko bandarini. Nimekabidhi madumu yangu. Wamenipa karatasi."

"Hongera, mzee."

"Ehe. Karatasi haipaki nguzo, lakini."

"Najua."

"Nyumbani nikifika wataniuliza nimeleta nini."

Nikamuuliza habari za dagaa.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Nzega kwenye msiba, nikashuka Shelui. Meli inafanya kazi, na kaya zote sita bado zina hisa. Msengi alikuwa safarini. Nilikwenda korongoni. Mabati yapo na minyororo ipo. Maji yamepimwa mara tatu, na mara ya tatu yalikuwa afadhali kuliko ya pili, lakini afadhali si ruhusa. Mama Nzitu alinikuta pale, akiwa njiani na ndoo tupu. Siku hizi wanachota kwenye pampu ya shule, ng'ambo ya barabara kuu, na malori hayasimami kwa ajili ya mtu mwenye ndoo.

Nikamuuliza kama watu wamemsamehe Msengi.

"Mimi nilimsamehe palepale kwenye mkutano," akasema. "Wengine wanamsalimia. Wengine bado wanasubiri nguzo zao zianguke ndipo waamue."

"Na mimi je?"

Alihamishia ndoo mkono wa pili.

"Wewe ulituambia," akasema. "Ila tungependa ungekuja mapema."

Nikataka kumwambia habari za fomu, na za zile meli tatu au nne nilizoziwekea tiki bila kuuliza oili inakwenda kwa nani. Lakini alikuwa amekwisha kuvuka barabara kwa haraka, ndoo mkononi, kwa sababu pampu ya shule hufungwa saa tano.